Naombeni ushauri: mafunzo ya usawa kazini yameishia kwenye slaidi

Wakuu salama? Mi nasimamia timu ya watu 11, tunapeleka watoto porini na mtoni kujifunza mazingira. Mwaka jana bosi akaleta semina ya usawa, siku moja, slaidi kibao, tukapiga makofi tukaondoka. Afu hakuna kilichobadilika.

Shida iko hivi, wenye ajira ya kudumu semina wanalipwa, wale wa msimu wanakuja bure, na buti na koti la mvua wanajinunulia wenyewe. Juzi mvua imetukuta njiani dada mmoja viatu vimeachama mbele kama mdomo wa samaki na bado anawaonyesha watoto nyayo za mnyama kwenye tope, tena ndo anaujua ule msitu kuliko sisi wote maana kakulia pembeni yake. Ila kupanda cheo hawezi, tangazo linataka digrii. Azimio la Tbilisi la 1977, lile la mkutano wa kimataifa wa UNESCO, liliweka ushiriki kuwa moja ya malengo ya elimu ya mazingira, sisi tunawahubiria watoto ushiriki huku ofisini ratiba wanapanga watu wawili.

Nawaza niombe bajeti ya vifaa vya kuazimana, na kila wiki tukae saa moja ya kulipwa tufundishane, yule dada aanze. Bosi atasema hela hakuna, namjua.

Waliopitia haya, mlianzia wapi, mishahara au mafunzo? Na mlimwingiaje bosi bila kuonekana mchochezi?