Nina saa 14 za picha za wakulima wa mwani: nifikeje kwenye filamu iliyokamilika?

Muuliza swali, Unguja

Assalaam alaykum, ndugu zangu. Tangu mwaka jana nimekuwa nikirekodi kina mama wanaolima mwani katika pwani ya mashariki ya Unguja, ambako kilimo hicho kilianza kibiashara mwishoni mwa miaka ya 1980. Nina saa 14 za picha za kufunga mbegu kwenye kamba, kuvuna na kuanika, pamoja na mahojiano 9. Karibu wote wamenieleza jambo lile lile, kwamba kotoni, aina ya mwani ambayo bei yake ni nzuri, inakufa kwa sababu maji ya kina kifupi yamezidi joto, na kwamba wamebaki na spinosamu, aina nyingine ambayo bei yake ni ya chini. Nilipoketi kuhariri nilipata kitu cha dakika 40 ambacho hata mimi mwenyewe nilisinzia nikikitazama. Sikusomea kazi hii. Nilikuwa mpiga picha wa harusi. Naomba kuelekezwa njia yote, kuanzia wazo hadi filamu kuwafikia watazamaji, na hasa nijue nilikosea wapi.

Mhariri wa picha, Dar es Salaam

Waalaykum salaam, ndugu yangu. Kosa haliko kwenye kamera. Ulichonacho ni mada, bado hakijawa kisa. Kufa kwa kotoni ni taarifa inayotosha dakika 3 katika habari za jioni, ilhali filamu ya hali halisi huanza pale mtu mmoja anapotaka jambo, likawepo la kumzuia, nasi tusijue kama atalipata. Je, miongoni mwa hao 9 hakuna mama aliyefikiria kuhamishia kamba zake kwenye maji ya kina kirefu, ambako kotoni hustahimili zaidi? Huko panahitajika chombo, na wengi wao hawajui kuogelea. Akiwapo mmoja anayejaribu, mfuate huyo, na wale 8 wawe majirani zake.

Kabla ya kurekodi tena, andika ukurasa mmoja unaoeleza ni nani, anataka nini, kinachomzuia ni kipi, na ni mabadiliko gani tutakayoyaona kwa macho badala ya kusimuliwa. Ukurasa huo ndio utakaompelekea mfadhili baadaye, na ndio utakaokuzuia kurekodi kila kinachong'aa. Kisha panga ratiba kwa kufuata mwezi: mwani hushughulikiwa wakati wa bamvu, maji yanapotoka sana, kwa hiyo unazo siku chache tu katika kila wiki mbili. Siku za maji mafu, yasipotoka sana, zitumie kurekodi nyumbani, jikoni na sokoni, kwa maana nahisi huko ndiko hukwenda kabisa.

Sauti nayo uipe heshima yake. Mtazamaji husamehe picha yenye giza, lakini sauti iliyoliwa na upepo wa kusi humchosha mara moja. Mvalishe mhusika kipaza sauti kidogo chini ya kanga, na kila mahali urekodi dakika moja ya utulivu wa mahali hapo, kwani utaihitaji kuziba nyufa wakati wa kuhariri. Usifute kadi kabla picha hazijanakiliwa kwenye diski mbili zinazokaa nyumba tofauti. Ukirudi mezani, andika mahojiano yote neno kwa neno, kisha mkato wa kwanza uwaonyeshe watu wasiojua mwani. Usiwaulize kama wameipenda. Angalia ni wapi wanapochukua simu zao.

Mtayarishaji, Nairobi

Nakubaliana na mhariri, ila amepita haraka kwenye makaratasi, na usambazaji huanza siku ya kwanza ya kurekodi. Unahitaji ridhaa ya maandishi ya kila mhusika. Kwa vibali, fahamu kwamba Zanzibar ina mamlaka yake ya filamu, tofauti na Bodi ya Filamu ya Tanzania Bara. Anza kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, naye atakueleza pa kwenda. Droni ina kibali chake peke yake.

Muziki ndio ulioniumiza mimi. Katika filamu yangu ya kwanza, redio ilikuwa ikipiga taarabu jikoni wakati mama mmoja akisimulia jambo zito, na kituo cha televisheni kilichotaka kuinunua kikadai hati ya haki miliki ya wimbo ule. Sikuwa nayo, na wimbo haukuweza kutenganishwa na maneno, hivyo tukaikata sehemu iliyokuwa bora kuliko zote. Tangu hapo naomba redio izimwe.

Usiiweke YouTube mapema, kwa sababu matamasha mengi makubwa hutaka filamu ambayo haijaonyeshwa hadharani. Una bahati kwamba tamasha la kimataifa la filamu la Zanzibar, ZIFF, liko hapo hapo Mji Mkongwe. DOCUBOX ya hapa Nairobi husaidia filamu za hali halisi za Afrika Mashariki, na mfuko wa IDFA Bertha Fund wa Amsterdam hupokea maombi ya ufadhili kutoka Afrika. Kwa televisheni za nje, dakika 52 ni urefu unaouzika.

Mkaazi wa Jambiani

Hapo kwenye kuificha hadi tamasha, mimi nina neno. Mama zetu wamerekodiwa na wageni wengi, na picha zenyewe hawakuziona. Tundika shuka ukutani, uwaonyeshe wao kwanza. Watakusahihisha mambo ambayo hakuna jaji atakayeyajua.

Mtayarishaji, Nairobi

Una haki, ndugu. Onyesho la wahusika, bila tangazo, kwa kawaida halihesabiwi kuwa la hadhara. Asome tu masharti ya tamasha.

Muuliza swali, Unguja

Ahsanteni sana. Yupo mama mmoja aliyesema ameanza kutoka na mwanawe kwa ngalawa. Niliikata sehemu hiyo kwa sababu upepo uliharibu sauti. Bamvu lijalo nitakwenda kwake. Ila hajui kusoma: je, ridhaa yake nitaichukuaje?

Mtayarishaji, Nairobi

Msomee fomu yote kwa sauti huku kamera ikirekodi, mbele ya shahidi aliyemchagua mwenyewe. Aulize, ajibiwe, kisha atie dole gumba. Nakala moja mwachie.