Tupeane uzoefu: kujenga maktaba ya RF24 kutoka kwenye msimbo wake na kuisakinisha

Mwanzisha mada

Ndugu wanajukwaa, salamu. Naomba mada hii iwe ya wale waliowahi kuchukua msimbo wa RF24, ile maktaba inayoendesha moduli za redio za nRF24L01+ za Nordic Semiconductor, wakaukompaili (kuugeuza kuwa programu inayoendeshwa na mashine) wenyewe kwenye Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya Linux, na kuusakinisha. Upande wa Arduino kazi ni nyepesi, kwa kuwa maktaba inapatikana kwenye menyu ya IDE, yaani programu ya kuandikia msimbo. Watu hukwama upande wa Linux, na kwa niliyoyaona, mara nyingi hukwama mahali ambapo msimbo wenyewe hauna kosa lolote.

Naanza mimi. Uamuzi unaobeba kazi nzima hufanyika kabla ya kuandika make, amri inayokompaili msimbo, nao ni uchaguzi wa draiva, yaani sehemu inayoiwezesha maktaba kuongea na pini za mashine. Kuna SPIDEV, inayopitia kwenye keneli (kiini) ya Linux. Kuna RPi, inayogusa moja kwa moja rejista (vihifadhi vidogo vya ndani) za chipu ya Broadcom. Na kuna nyingine kama pigpio na MRAA. Usipotaja unayoitaka, hatua ya matayarisho (cmake) hujichagulia kutokana na inachokikuta kwenye mashine, nawe unabaki na maktaba usiyojua imejengwa juu ya nini. Kwa hiyo huwa nawasha SPI, njia ya mawasiliano kati ya mashine na redio, kwanza kwenye raspi-config, programu ya mipangilio ya Raspberry Pi, naanzisha mashine upya, nahakikisha kwamba /dev/spidev0.0 ipo, na hapo ndipo ninapofungua folda ya build na kuandika:

cmake .. -D RF24_DRIVER=SPIDEV
make
sudo make install

Maandishi yanayotolewa na cmake nayasoma mstari kwa mstari mpaka nilione jina la draiva niliyoitaja. Hatua hii nawasihi msiiruke, kwa sababu make itamaliza bila malalamiko hata kama draiva siyo mliyoikusudia.

Mchangiaji kutoka Mwanza

Asante kwa mada, ndugu. Mimi nilikuwa nikiunda kifaa cha kupima kina cha maji kwenye tangi la shule, Arduino ikiwa juu kwenye tangi na Raspberry Pi ikiwa ofisini. Maktaba ilijengwa vizuri, programu yangu nayo ikakompailika bila onyo hata moja, lakini nilipoiendesha ilikataa kwa maneno haya:

error while loading shared libraries: librf24.so: cannot open shared object file

Faili lenyewe lilikuwepo, limekaa kwenye /usr/local/lib kama ilivyotarajiwa. Linux haipekui folda zote kila programu inapoanza. Inategemea orodha iliyokwisha kuandaliwa, na orodha hiyo ilikuwa ya kabla ya usakinishaji. Amri ya sudo ldconfig iliisasisha na programu ikaanza papo hapo. Siku hizi kila nikimaliza kusakinisha naandika ldconfig -p | grep rf24, na jibu lake linanionyesha jina la maktaba pamoja na njia kamili ya faili linalotumika. Njia hiyo ina faida nyingine: kama mashine ina nakala ya zamani iliyosakinishwa kwenye folda tofauti, utaiona hapo.

Mchangiaji kutoka Nairobi

Hilo la nakala ya zamani ndilo lililonileta kwenye mada hii. Mimi situmii RF24 peke yake. Juu yake nimeweka RF24Network, na juu ya hiyo RF24Mesh, ili vituo kadhaa vipitishiane ujumbe. Maktaba hizi hujengwa kwa mpangilio maalumu, RF24 ikitangulia, kwa kuwa kila inayofuata husoma faili za vichwa (headers, zinazotaja vilivyomo kwenye maktaba) za iliyotangulia na kuunganishwa nayo. Jambo hilo kila mtu huliona siku ya kwanza. Lisiloonekana ni kwamba mpangilio huo huo unadai kurudiwa kila unapopandisha toleo. Ukichota msimbo mpya wa RF24 na kuujenga, huku Network na Mesh zikibaki zilivyokompailiwa dhidi ya vichwa vya zamani, programu inaweza kukataa kuanza ikidai kuna jina isilolipata, au, jambo ambalo ni baya zaidi, ikaanza na kufanya kazi kwa namna isiyoeleweka. Kwa mtazamo wangu ni afadhali kufuta folda zote za build na kujenga ngazi zote upya, hata kama mashine ni ndogo na kazi itachukua muda.

Kisa kingine kilitokana na keneli. Matoleo ya zamani ya RF24 yalikuwa yakiendesha pini kupitia /sys/class/gpio. Kuanzia keneli ya 6.6 kwenye Raspberry Pi, hesabu ya pini katika njia hiyo haianzii tena kwenye 0 bali kwenye 512, hivyo maktaba inayoomba pini ya 22 huambiwa haipo. Mashine niliyokuwa nimeisasisha usiku iliamka asubuhi redio ikiwa kimya, wala hakuna mstari wa msimbo uliokuwa umebadilishwa. Dawa ilikuwa kujenga toleo jipya la maktaba, ambalo hupitia /dev/gpiochip.

Mchangiaji mwingine

Naongezea kwa ufupi: wenye Raspberry Pi 5 wasiihangaikie draiva ya RPi. Kwenye mashine hiyo pini zinaendeshwa na chipu tofauti iitwayo RP1, kwa hiyo rejista ambazo draiva hiyo inazitafuta hazipo. Tumieni SPIDEV.

Mchangiaji kutoka Mombasa

Mimi natumia Python, na huko kuna ngazi moja zaidi, kwa sababu baada ya maktaba ya C++ unajenga kiunganishi chake kwa kutumia Boost.Python. Kwenye Raspberry Pi za zamani zenye kumbukumbu ndogo hatua hiyo huchukua dakika nyingi skrini ikiwa imetulia tuli, na wengi hudhani imekwama wakaikatiza. Iacheni imalize. Kwa anayeanza leo ningemshauri ajaribu kwanza kifurushi cha pyrf24 kupitia pip, kisakinishaji cha vifurushi vya Python, ndani ya mazingira pepe (virtual environment), kwa kuwa tangu Raspberry Pi OS ya Bookworm ya mwaka 2023 pip hukataa kusakinisha moja kwa moja kwenye Python ya mfumo.

Baada ya yote hayo, begin(), inayoianzisha redio, ilinirudishia jibu la false (yaani imeshindwa), na printDetails(), inayoonyesha mipangilio ya redio, ikajaza anwani zote sifuri. Hapo tatizo halikuwa tena la programu. Namba 22 tunayoiandika kwenye RF24 radio(22, 0) ni GPIO22 (namba ya pini kwa hesabu ya chipu), ambayo iko kwenye pini ya 15 ukihesabu pini za ubaoni. Pini ya 22 ya ubaoni ni GPIO25. Waya wa CE, unaoiamuru redio itume au isikilize, ulikuwa umechomekwa kwa hesabu ya ubaoni, na ule wa MISO, unaorudisha data kutoka kwenye redio, ulikuwa umelegea.

Mwanzisha mada

Ndugu wa Mombasa, umeme je? Moduli yako ni ile ndogo au yenye kikuza mawimbi na antena ya nje?

Mchangiaji kutoka Mombasa

Ni yenye antena ya nje, kaka. Chipu yenyewe hula chini ya miliampea 14, lakini kikuza mawimbi huvuta zaidi ya miliampea 100 wakati wa kutuma, ilhali pini ya volti 3.3 ya Arduino Uno imewekewa kikomo cha miliampea 50. Upande huo nimeupa kidhibiti chake cha volti, na kila moduli ina kapasita ya mikrofaradi 10 iliyochomewa katika miguu yake ya VCC na GND, karibu kabisa na ubao. Vilevile nimepunguza kasi ya SPI kutoka ile ya kawaida ya MHz 10, kwa sababu nyaya zangu ni ndefu na taarifa zilikuwa zikisomwa zikiwa zimeharibika.

Mchangiaji kutoka Mwanza

Kabla hatujaachana na moduli, kagueni jibu la setDataRate(RF24_250KBPS), amri inayoweka kasi ya redio. Kwenye chipu ya zamani, nRF24L01 isiyo na alama ya kujumlisha (+) mwishoni mwa jina, hurudisha jibu la false, kwa kuwa kasi hiyo haipo ndani yake, na pande zote mbili lazima ziwe na kasi moja ndipo zisikilizane. Nililigundua hilo nikiwa nimekwisha kujenga maktaba upya bila sababu, na tangu hapo isPVariant(), inayoeleza kama chipu ni ile yenye alama hiyo, ndiyo swali la kwanza ninaloiuliza moduli mpya.