Tupeane uzoefu: laptopu mpya ya gemu, ipi kasoro na ipi kawaida yake

Mwenye uzi
Assalaam alaykum wadau. Mtu akinunua laptopu ya gemu, wiki ya kwanza haishi wasiwasi: bodi (gamba la nje) inawasha mkono, feni zinavuma, chaji inashuka na waya umechomekwa. Tuweke hapa dalili, namna ya kupima na dawa yake. Nyengine ni za kurudisha dukani upesi, nyengine ni za umeme wa nyumba tu.

Fundi Umeme Ng'ambo
Naanza na hiyo ya kuwasha mkono, maana ndiyo inayotisha zaidi. Pitisha kidole taratibu juu ya mfuniko wa chuma huku chaja imechomekwa. Ukihisi mtetemo mdogo, chomoa chaja. Mtetemo ukiondoka, laptopu haina kosa, umekosa ethi (waya wa kuteremshia umeme ardhini). Ndani ya adapta (lile boksi la chaja) mna kapasita ndogo za kuchuja umeme, na mkondo unaovuja kwenye kapasita hizo ni mdogo sana, nao hutakiwa uteremke ardhini kwa waya wa ethi. Waya usipokuwepo, unabaki kwenye bodi hadi uguse wewe.

Soketi zetu ni za pini tatu, na adapta kubwa nazo huja na pini tatu. Penye shida ni katikati. Wengi wanatia plagi ya pini mbili kwa kusukuma tundu la juu kwa kalamu: inaingia, umeme unapita, ethi haipo. Kuna ekstensheni za bei rahisi zenye matundu matatu lakini ndani zina nyaya mbili tu. Na kuna nyumba, hasa zile za zamani, ambazo soketi ni mpya lakini waya wa ethi haukufungwa kokote. Nunua kile kipima soketi cha taa tatu, ukichomeke, usome. Taa zikionyesha ethi haipo, muite fundi aliyesajiliwa. Usiunge ethi kwenye bomba la maji.

Adapta ikizima ghafla, kabla ya kuilaumu, fungua plagi utazame fyuzi. Tia nyengine ya ampea zile zile zilizoandikwa. Karatasi ya sigara si fyuzi. Ndiyo inayounguza nyumba.

Mdau wa Wete
Chaji kushuka wakati wa kucheza: geuza adapta usome maandishi ya chini. Zidisha volti kwa ampea. Volti 20 mara ampea 11.5 ni wati 230. Prosesa na kadi ya picha zikifanya kazi pamoja zinaweza kuvuta zaidi ya adapta inavyotoa, na pengo linajazwa na betri. Kushuka asilimia chache katika mchezo mzito ni jambo la kawaida kwa baadhi ya mashine. Kushuka kwa kasi maana yake unatumia chaja isiyo yake, au umechaji kwa tundu la USB-C, ambalo kwa mashine nyingi halipitishi zaidi ya wati 100.

Na ikigota asilimia 80 isipande, tazama programu ya kampuni iliyotengeneza. Kuna mpangilio wa kulinda betri. Uache uwashwe kama laptopu inakaa mezani kutwa.

Bi Mpendae
Kabla hujasifia bei, hakikisha ni mpya kweli. Programu ya CrystalDiskInfo inaonyesha saa ambazo diski imewashwa. Mpya huwa na saa chache mno. Ukikuta mamia, rudi dukani siku hiyo hiyo. Kisha fungua picha nyeupe, nyeusi, nyekundu, kijani na buluu, skrini nzima, utafute nukta zilizokufa. Mwanga hafifu pembeni, kwenye giza, ni tabia ya skrini za aina ya IPS na duka halitakubadilishia.

Jengine dogo: skrini ya Hz 144 (inayobadilisha picha mara 144 kwa sekunde) mara nyengine inafanya kazi kwa 60. Ingia mipangilio ya skrini ya Windows, sehemu ya hali ya juu, uchague mwenyewe.

Mdau wa Wete
Naongeza kwa Bi Mpendae: tazama na RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta). Kijiti kimoja cha GB 16 kinacheza polepole kuliko viwili vya GB 8, kwa sababu prosesa inasoma njia moja badala ya mbili. Ukitia RAM mpya ya aina ya DDR5, uwashaji wa kwanza unaweza kuwa skrini nyeusi kwa dakika kadhaa. Usizime. Inajipima.

Fundi wa Chake
Joto. Kaskazi ikipamba moto, chumba peke yake ni nyuzi 32, na kila nyuzi ya chumba inaongezeka takriban nzima nzima ndani ya mashine. Prosesa kugusa nyuzi 95 kwa sekunde chache ndivyo ilivyoundwa. Kukaa hapo huku mchezo unakwama ndiyo shida. Inua nyuma sentimita 2 au 3, usiiweke juu ya godoro wala mkeka, na punguza fremu (picha kwa sekunde) zilingane na Hz za skrini. Kupunguza fremu kunatuliza pia ule mlio mwembamba kama wa mbu kwenye menyu za gemu. Ni koili (nyaya zilizozungushwa) zinazotetema, si feni. Feni yenye kasoro inakwaruza, na sauti yake inafuata kasi ya kuzunguka.

Sisi tulio karibu na pwani tuogope zaidi unyevu wenye chumvi. Ukitoka chumba chenye kiyoyozi, iache ndani ya mkoba uliofungwa nusu saa kabla hujaitoa, umande ukae juu ya mkoba. Unapopuliza vumbi, laptopu imezimwa, zuia feni kwa kijiti cha meno isizunguke, kwani ikizungushwa kwa nguvu huharibu beringi zake.