Njia ya baiskeli juu ya tuta la reli ya zamani, Missouri: mji mdogo unapata nini?

MamaZuhura
Habari zenu wanajukwaa. Tunaishi kwenye kamji kadogo Missouri, kando ya ile reli iliyokufa ya Rock Island. Mwaka 2021 jimbo lilipokea tuta hilo kutoka kwa kampuni ya umeme, maili 144, Windsor hadi Beaufort, liwe njia ya watembea kwa miguu na baiskeli, na wapo wanaotaka farasi nao waruhusiwe. Sasa halmashauri ya mji inakusanya maoni. Mume wangu anasema ni starehe ya watu wa St. Louis, sisi tutabaki kuokota chupa zao. Jirani yetu ni mkulima, tuta limepasua malisho yake katikati, hataki hata kulisikia. Mimi nina vyumba viwili vitupu na najua kupika. Niunge mkono?

Kipanga77
Dada, mumeo ana hoja. Madaraja ya reli yamezeeka, na kuyakarabati ni ghali. Ulizeni kwanza nani atalipa mwaka wa kumi, si mwaka wa kwanza.

FundiSpoki
Swali la Kipanga ni zuri, liulizeni kwa maandishi. Ila mimi ni fundi baiskeli na wateja wangu wengi wanatoka kuendesha Katy, ile njia ndefu ya baiskeli ya hapa Missouri, kwa hiyo niseme ninachokiona.

Katy ilikuwa reli kama yenu. Treni ziliacha kupita 1986, kipande cha kwanza kikafunguliwa Rocheport 1990, na leo ni kama maili 240, Machens hadi Clinton, kwa sehemu kubwa ikifuata Mto Missouri. Treni haipendi mlima, ndiyo maana tuta halina mpando mkali. Matokeo yake, wanaokuja si vijana wa mashindano peke yao. Kuna wastaafu wenye mikoba pembeni mwa tairi, wanaokwenda taratibu, wanaokula mezani na kulala kitandani. Hao ndio wageni wako, Mama Zuhura.

Lakini njia kupita mjini haitoshi, mtu lazima apate sababu ya kushuka. Maji, choo kisafi, kivuli, kibao kinachosema chakula kiko mtaa gani. Tazameni mji wa Hermann. Katy haipiti huko hata kidogo, iko ng'ambo ya mto. Daraja jipya lilipojengwa 2007 liliwekewa njia ya baiskeli na waenda kwa miguu, na wageni wanavuka kwenda kulala. Na nimeona vituo ambavyo njia inapita mlangoni kabisa lakini hakuna hata bomba la maji, watu wanapita kama upepo.

Kuhusu vyumba vyako, chukua ramani. Mwenye mizigo huenda maili 40 hadi 50 kwa siku, wengine pungufu. Rock Island inakutana na Katy pale Windsor, na kipande cha Windsor hadi Pleasant Hill, maili 47, kiko wazi tangu 2016. Pima kutoka Windsor hadi kwako. Ukiangukia mahali siku inapoishia, una biashara ya vitanda. Ukiangukia katikati, achana na vitanda, pika chakula cha mchana.

Jirani yako msimcheke. Sheria ya mwaka 1983 inaruhusu reli iliyoachwa itunzwe kama njia, huku haki ya treni kurudi siku moja ikibaki, na Mahakama ya Juu ya Marekani iliikubali 1990. Hata hivyo mwenye ardhi chini ya tuta anaweza kuwa na haki ya fidia kutoka serikali ya shirikisho, si kwa jimbo wala kwa mji wenu. Madai hayo yana ukomo wa miaka 6, na hesabu huanza na kibali cha kugeuza reli kuwa njia, si siku baiskeli ya kwanza inapopita. Kwa reli yenu aulize wakili kama muda haujampita. Halmashauri nayo imwahidi uzio, geti, na mahali pa kuvusha trekta na ng'ombe. Mkulima aliyevushiwa trekta yake huwa mpole, nimeliona hilo.

Farasi je? Katy wanaruhusiwa vipande vichache tu, kimojawapo upande wa Sedalia. Mawe ya chokaa yaliyosagwa, yanayotandikwa juu ya njia, yakishindiliwa yanafaa miguu na tairi, lakini kwato zikipita yakiwa yamelowa zinaacha mashimo, halafu baiskeli zinaletwa kwangu. Lami nayo farasi haiwafai. Kama nafasi ipo, wapeni ujia wao pembeni.

Kipanga77
Fundi umesema vizuri, ila njia yenu haitafunguka yote kwa mpigo. Great Allegheny Passage, njia nyingine kama hii, ile ya Cumberland hadi Pittsburgh, ni maili 150; ilianza kufunguliwa 1986 ikakamilika 2013.

FundiSpoki
Ndiyo, na kwa hiyo Mama Zuhura asikope pesa za vitanda leo. Kipande kikifunguka peke yake watakaokitumia ni ninyi wenyewe, watoto kwenda shule, wazee jioni. Wasafiri wa masafa marefu huja vipande vikiungana.

MamaZuhura
Asanteni. Nimepima, tuko mbali na Windsor kuliko siku moja, ila hatufiki siku mbili. Mume anauliza, choo cha njiani husafishwa na jimbo au na mji?

FundiSpoki
Mwambie hilo ndilo swali la kwanza kwenye kikao, na jibu liandikwe.