Sabuni yangu haina shida, shida ni kopo lako!

Wakuu, habari za jioni. Mods naomba huu uzi msiuunganishe na ule wa vipodozi, nina hasira na nataka kuzitolea hapa hapa.

Natengeneza sabuni za kuogea kwa mkono, nipo Uyole, Mbeya. Juzi mteja wangu mmoja, dada mwenye gesti huku mjini, karusha picha kwenye kundi la WhatsApp lenye watu zaidi ya mia mbili. Sabuni yangu imekuwa uji. Chini kaandika: "Sabuni za mchongo hizi, siku tano tu zimeisha, nataka hela yangu." Vipande 30, kila kimoja shilingi 3,000. Siku anapokea mzigo ilikuwa ndaga fijo (asante sana ya Kinyakyusa) nyingi mpaka nikaona aibu.

Sasa ile picha ikuze kidogo. Sabuni imekaa wapi? Ndani ya kopo la kuogea! Na kopo lina maji vidole viwili! Dada yangu, hata jiwe lingekuwa sabuni, humo lingekwisha.

Ngoja niwaeleze hiki kitu kinavyotengenezwa, maana naona watu wanadhani nanunua mche dukani nakatakata. Nachukua mawese ya Kyela, mafuta ya nazi, na ya parachichi nikiyapata kwa bei ya maana, nachanganya na kostiki soda niliyoyeyusha kwenye maji. Vikishikana vinazaa sabuni na gliserini. Viwanda vingi hiyo gliserini wanaitoa, inauzwa kivyake. Mimi naiacha humo humo, ndiyo raha ya sabuni hii, hasa Juni na Julai baridi ya huku inapotupasua mikono. Lakini gliserini inapenda maji kuliko sisi tunavyopenda chai. Iache kwenye majimaji, inayanywa, inalainika, inakuwa huo uji ulioupiga picha.

Nikishakata, vipande vinapanda kwenye chanja wiki sita. Masika, na ukungu huu wa kwetu, nafika hata nane. Kipande kinapanda kikiwa na gramu 130, kinashuka na 115 hivi. Zile gramu zilizopotea ni maji, nimeyasubiri yatoke mwezi na nusu, nageuza kipande kimoja kimoja kila siku kama mtu anayeanika samaki. Wewe unayarudisha kwa usiku mmoja.

Nisijifanye malaika wa kazi hii. Wapo wenzangu wanakata Jumatatu, Ijumaa wako sokoni Mwanjelwa wanauza. Hiyo sabuni ni mbichi, itayeyuka hata ukiilaza kwenye kitanda cha mfalme. Ukiibonyeza kwa kidole gumba ikabaki shimo, mrudishie mwenyewe. Ya kwangu bonyeza utakavyo.

Halafu simu ninazopokea! Mmoja kanipigia saa nne usiku kwamba sabuni "inatoka jasho". Nikamuuliza umeiweka wapi, anasema nimeifunga kwenye nailoni isichafuke. Mwingine kaona unga mweupe juu, kanitangazia mtaa mzima kuwa sabuni imeota ukungu. Mama, huo ni magadi! Sabuni ikiwa bado mbichi, kostiki ya juu juu ikakutana na hewa, inatoa huo unga. Ogea mara moja unaondoka. Na yupo baba analalamika haidumu, kumbe kipande kimoja wanaoga watu sita na sare za shule zinafuliwa humo humo. Wa kuniuliza kama inang'arisha ngozi hao siwajibu kabisa.

Nachukia zaidi kwa sababu maelekezo nayatoa bure. Kila mteja namwambia: tafuta dodoki kavu, kata duara nene kama kipande cha mhogo, laza sabuni juu yake. Maji yanapita chini, sabuni inapata hewa. Huna dodoki? Kandamiza kizibo cha soda chini ya sabuni, meno yake yaingie, ukiiweka inasimama juu ya kizibo haigusi maji. Bibi yangu alifanya hivyo na sabuni ya mche. Kipande kikubwa kikate nusu, nusu nyingine tia kabatini katikati ya nguo, nguo nazo zitanukia. Na usichovye sabuni kwenye ndoo ya maji ya moto, paka kwenye dodoki ndiyo ujisugue. Kuna ugumu gani hapo?

Mtu akiwa na kiatu cha ngozi anakipiga kiwi, hakiachi mvuani. Sabuni ya 3,000 anaitupa kwenye kopo halafu mchongo ni mimi.

Nyie wenye gesti ndio mniambie, hivi kweli natakiwa kurudisha hela hapa? Maana kwenye kundi tayari wapo wanaonishauri niirudishe "kulinda jina". Jina gani, wakati picha yenyewe inaonyesha kopo?

Dada, najua unasoma humu. Hela sirudishi. Ila nimekukatia vipande 30 vya dodoki, viko kwenye kiroba hapa nyumbani, tuma bodaboda avichukue. Nauli ya boda juu yako.