Tupeane uzoefu: maumivu ya mgongo, bega na viungo yanayoletwa na kazi. Fizio (tiba ya viungo kwa mazoezi) ilikusaidia, au ulipoteza muda?

PindoMbili

Habari zenu wakuu. Nimekaa na kiwiko kibovu miezi saba nikijiambia kitapoa chenyewe. Hakikupoa. Sasa kimeanza kupona, na yaliyonipata katikati ndiyo nataka tuyazungumze.

Mimi ni fundi cherehani, huu mwaka wa 14. Kushona wananishonea vijana, kazi yangu kubwa ni kukata. Yalianza kama uchovu upande wa nje wa kiwiko cha kulia, siku zenye oda nyingi tu. Ikaja kuwa kila nikishika mkasi. Siku niliyoogopa ni asubuhi moja nanyanyua birika, kiganja kimetazama chini, nikahisi kama nimechomwa na kitu cha moto pale kwenye kifupa. Birika likaniponyoka. Mtu mzima nimesimama na maji miguuni, nashangaa mkono wangu mwenyewe.

Nikafanya yale tunayofanya wote: dawa ya kuchua, bandeji, vidonge. Mwisho nikachomwa sindano ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, pale pale kwenye kiwiko. Sitawadanganya, sindano ilikuwa tamu. Wiki mbili tu nakata kitambaa kizito kama zamani. Mwezi wa tatu maumivu yakarudi na ndugu zake wote. Fizio ndiye aliyekuja kuniambia kwamba kwa kiwiko cha aina hii hayo yanajulikana: wiki za mwanzo sindano inawapita wote, ila ukiwatazama watu baada ya mwaka, waliochomwa wako nyuma ya waliofanya mazoezi, na hata ya waliosubiri tu.

Nilienda kwake nikijua nitalazwa kitandani nikandwe. Robo saa nzima hakunigusa. Alitoa mkasi na kipande cha turubai, akasema, "Kata kama unavyokata kazini." Nikakata. Katikati akasema, "Ganda hapo hapo. Jiangalie." Kifundo cha mkono kimejikunja kwenda juu, bega limepanda karibu liguse sikio. Akauliza meza yangu ya kukatia inafika wapi, nikamwonyesha juu ya kitovu. Akauliza mkasi nimeunoa lini. Hapo nikaona aibu.

Maelezo yake yalikuwa mepesi. Misuli inayokunja kifundo kwenda juu imejishikiza kwa kano kwenye kile kifupa cha nje ya kiwiko. Kila unapobana mkasi, misuli hiyo inakaza ili kifundo kisilegee. Mkasi butu unabanwa kwa nguvu zaidi, kwa hiyo kano inabebeshwa kuliko uwezo wake, mara mia kwa siku. Ukiipumzisha kabisa inazidi kudhoofika, na ukirudi kazini mzigo ni ule ule. Ndiyo maana kila nilipopumzika wiki nilirudi nikiwa vibaya zaidi.

Zoezi lenyewe ukiliona utacheka. Unalaza mkono mezani, kiganja chini, kifundo kimening'inia ukingoni, umeshika chupa ya maji ya nusu lita. Unainyanyua kwa msaada wa mkono wa pili, kisha unaishusha polepole kwa mkono mgonjwa peke yake, unahesabu hadi nne. Mara 15, unapumzika, unarudia mpaka raundi tatu. Kila siku. Nikamuuliza, na nikisikia maumivu? Akasema maumivu ya nne kwa kumi ruksa, mradi kesho asubuhi yasiwe yamezidi ya jana. Hilo lilinishangaza kuliko yote, maana miezi yote saba nilikuwa nakimbia maumivu kama nyoka.

Wiki tatu za mwanzo sikuona kitu, nikataka kuacha. Wiki ya sita nikanyanyua birika. Sasa mwezi wa nne, chupa imekuwa nyundo, na siku za oda nyingi bado kinanikumbusha. Sijapona kabisa. Haya, na ninyi semeni yenu.

GiaYaTatu

Dada PindoMbili pole, na asante kwa kufungua.

Mimi ni dereva wa lori. Kiuno. Siku moja nimeshuka kwenye kabini baada ya saa sita za kuendesha, nikaenda moja kwa moja kuvuta mzigo, kiuno kikakata. Nikapigwa picha ya MRI, majibu yanasema diski mbili, vile vitakia vya kati ya pingili za mgongo, zimetokeza. Wakuu, yale maneno mawili yaliniumiza kuliko kiuno chenyewe. Nikalala kitandani wiki mbili, hata kuinama kuvaa soksi naogopa nikidhani diski itachomoka.

Fizio aliisoma ile picha, akaiweka pembeni, akanipima mwenyewe: nguvu za miguu, hisia, goti likigongwa linaruka au la. Kisha akaniambia kwamba ukiwapiga picha watu wasioumwa chochote, wengi, hasa wenye umri wangu, utakuta diski zimetokeza vile vile. Picha peke yake haisemi kama ndiyo chanzo. Akanitoa nje tukatembea dakika kumi. Kutembea tu! Kesho yake nikaambiwa 15.

Kazini alinibadilishia vitu vidogo. Kiti nikakisogeza mbele ili nisijinyooshe kufikia klachi. Pochi ikatoka mfuko wa nyuma. Miaka yote nilikuwa nakalia tako moja juu ya pochi, nyonga imepinda, halafu nashangaa mguu wa kulia unakufa ganzi. Na nikishuka sigusi mzigo mpaka nimelizunguka gari dakika chache. Wenzangu wananicheka, eti nakagua tairi. Nawaacha waamini hivyo.

Kimyakimya

Mimi napingana nanyi. Nilienda vikao sita kwa ajili ya shingo. Kila kikao mashine ya umeme dakika 20, kuchuliwa, kwaheri. Nikitoka hapo mwepesi kama nyoya, kesho yake shingo ile ile. Hela imeliwa. Fizio ni kukandwa kwa bei ya juu, basi.

Wodi7

@Kimyakimya kaka, mimi ni muuguzi na mwanzo nilisema maneno hayo hayo. Nilipobadilisha fizio ndipo nikajua sikuwa nimetibiwa.

Mgongo wangu uliharibiwa na kugeuza wagonjwa. Semina za "kunja magoti, nyoosha mgongo" nimehudhuria nyingi, na mgongo haukusoma cheti hata kimoja. Fizio wa pili aliniuliza kitanda huwa napandisha kabla ya kumgeuza mgonjwa? Sipandishi, kinachelewesha. Shuka la kutelezeshea lipo wodini? Lipo, limefungiwa kabatini na funguo anayo mtu wa zamu ya mchana. Akacheka, akasema mgongo wako unabebeshwa kazi ya kabati.

Halafu akaninyanyulisha ndoo yenye mchanga. Mimi, mwenye mgongo mbovu! Ilianza na kilo tano, ikapanda kila wiki, nikafika 20. Mara ya kwanza nilitetemeka kwa woga. Lakini fikirieni, kazi yangu ni kunyanyua binadamu. Mazoezi ya kulala chali na kupumua yangenifikisha wapi?

NyuziNaMifupa

Naingilia kidogo kwa sababu ni kazi yangu, mimi ni fizio.

@Kimyakimya ulichopewa hakikuwa kibaya, ila kilikuwa nusu. Mashine ya umeme na kuchua vinatuliza, na ukitulia ndipo unaweza kufanya mazoezi. Ikiishia kwenye mashine, umelipia utulivu wa saa chache. Kikao cha kwanza fizio anatakiwa akuulize unafanya kazi gani na unaifanyaje, akupime, akuachie kitu cha kufanya nyumbani, na akuambie lini mtapima kama kinafanya kazi. Usipoulizwa hata kazi yako, uliza wewe.

Maumivu ya mgongo wa chini si ya watu wachache. Shirika la Afya Duniani linakadiria waliokuwa nayo mwaka 2020 walikuwa milioni 619. Kwa wengi hakuna ugonjwa mkubwa nyuma yake, na kujongea mapema kunasaidia kuliko kitanda. @GiaYaTatu zile wiki mbili za kulala ndizo zilizokuchelewesha.

Ila kuna hali ambazo msije kwangu kwanza, nendeni hospitali siku hiyo hiyo: mgongo unauma na unahisi ganzi makalioni au sehemu za siri, mkojo umegoma au unatoka bila wewe kujua, miguu inalegea. Na ukiwa na homa, umepungua uzito bila sababu, umewahi kuugua saratani, au maumivu yameanza baada ya kuanguka vibaya, muone daktari kabla ya kuanza mazoezi ya mtandaoni.

Kimyakimya

Sikuulizwa kazi yangu. Ni kweli. Nafanya kazi kwenye laptopu nikiwa nimeiweka kwenye kochi.

Wodi7

😂😂 Kochi! Kaka na wewe.

KaraniMkongwe

Yangu ilikuwa mkono kufa ganzi usiku. Dole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete. Kidole kidogo kizima kabisa. Naamka saa nane naukung'uta mkono kama mtu anayekausha maji. Miaka 22 ya hesabu na kibodi. Fizio alisema neva ya katikati inabanwa pale inapopita kwenye kifundo, na kwamba tukilala wengi tunakunja mikono, ndiyo maana usiku ni mbaya zaidi. Akanipa kifaa cha kunyoosha kifundo, nikivae usiku tu.

Kilinipa nafuu, si haba, wiki kama sita. Lakini nitasema ukweli hata kama unaharibu uzi: mimi fizio haikunitosha. Nilikuwa nimechelewa mno. Alipolinganisha viganja vyangu viwili, nyama ya chini ya dole gumba la kulia ilikuwa imeanza kubonyea, na vishikizo vya shati vilikuwa vinanishinda. Yeye mwenyewe ndiye aliyesema, "Hapa nikiendelea kukushika nakudhulumu," akaniandikia barua kwenda kwa mpasuaji. Ganzi ya usiku iliisha baada ya upasuaji. Nguvu ya dole gumba haijarudi yote.

Ajabu ni kwamba makarani wanalia zamani. Daktari Mwitaliano Bernardino Ramazzini aliandika zaidi ya miaka 300 iliyopita kwamba waandishi wanaugua kwa kukaa muda wote, mkono kwenda mwendo ule ule, na akili kukazwa wasikosee vitabu vya hesabu. Hiyo ya tatu ndiyo iliyonigusa. Kila mwisho wa mwezi wakati wa kufunga hesabu, mkono wangu ulikuwa unajua kabla yangu.

RollaNaBrashi

Fundi rangi hapa. Bega. Kushusha mkono sawa, kupandisha sawa mwanzoni, nikifika usawa wa bega linakamata, nikivuka linaachia. Kulalia upande huo haiwezekani. Nimepewa mpira wa kuvuta, na kuambiwa nipande ngazi hatua mbili zaidi ili dari liwe mbele ya uso, lisiwe juu ya kichwa. Rolla nimeitia mti mrefu. Mwajiri anasema napaka polepole siku hizi. Wiki ya tano, linakamata bado ila nalilalia.

GiaYaTatu

@PindoMbili dada, na meza je? Ulisema iko juu ya kitovu. Umeishusha?

PindoMbili

Mkasi nimeunoa siku ile ile kaka. Meza bado. Seremala amekuja kuipima ili aikate miguu, akaniambia nimsubiri kidogo, bega linamsumbua tangu mwezi uliopita. Nimemtumia huu uzi.