Je, michoro ya vyombo vya Wamoche ni urembo tu?

Swali: Ndugu zangu, katika vyombo vya udongo vya Wamoche, watu wa kale wa pwani ya kaskazini ya Peru, ngazi na mawimbi hurudiwarudiwa. Je, yana maana?

Jibu: Michoro mingine ina maana bayana. Kaburi la Wamoche huko Sipán, Peru, lilipofukuliwa mwaka 1987 chini ya mwanaakiolojia Walter Alva, mtawala aliyezikwa humo alikutwa na mapambo yanayofanana na ya yule anayepokea kikombe cha damu ya mateka katika michoro ya mistari myembamba myekundu.

Jibu: Mateka hutambulika kwa uchi wake na kamba shingoni. Kuhusu ngazi, ningejihadhari: wengi huzihusisha na milima, lakini Wamoche hawakuacha maandishi.

Muulizaji: Kumbe! Huyo wa kamba nilimdhania mcheza ngoma.